Kurudisha Riwaya ya Mama Neema, Mpwapwa

Nilikwenda Mpwapwa kurudisha kitabu na, nikiwa hukohuko, kuomba ruhusa ya kutuma washenga kwa ajili ya Neema. Mama yake, mwalimu mstaafu, aliniazima riwaya anayoipenda kuliko zote, ile inayosifiwa nchi nzima, akasema tutaongea nikishaimaliza. Jamani, ilinishinda. Hadi sura ya nne shujaa alikuwa bado anaaga majirani, mmoja mmoja, na majirani wenyewe wengi.

Saa moja asubuhi nilipanda basi Dodoma, nimepakata kilo mbili za zabibu za Makutupora. Njia nzima hadi Kongwa nilifanya mazoezi ya kusifia. Neema alishanionya nisijifanye mjuaji mbele ya mama yake. Sikumsikia.

Saa tano, Mpwapwa. Bodaboda akanishusha mlangoni. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa, nikapewa chai na karanga. Zabibu zikapokelewa vizuri. Kisha mama akauliza kitabu nimekionaje.

Nikamwaga sifa. Lugha tamu, mafunzo tele, na ule mwisho, mama, ule mwisho ulinitoa machozi.

Akaniangalia kidogo. Akainuka, akafungua kabati, akatoa kurasa zilizofungwa kwa uzi.

"Mwisho wenyewe ni huu," akasema. "Zilichomoka zamani. Anayefika huko huja kuniomba."

Nikakiri yote: sura ya nne, majirani, usingizi. Halafu nikauliza ni wangapi wamewahi kuja kuziomba.

"Neema tu. Alikuwa darasa la saba."

Hapo akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Kuchoshwa na kitabu hakukumuudhi. Hata yeye, alisema, wale majirani huwaruka. Kilichomchekesha ni yale machozi yangu ya uongo. Nikajikaza nikagusia habari ya washenga. Akanirudishia kitabu mkononi.

"Waje siku utakapokuja kuomba kurasa hizi."

Alasiri nilikuwa kwenye basi la kurudi, zabibu sina, ruhusa sina, kitabu ninacho. Nimejifunza kwamba mama mkwe hadanganywi kwa kitabu anachokipenda, na kwamba kitabu kikikuchosha ni heri useme. Tulipopita Kongwa nikafungua sura ya nne. Shujaa alikuwa bado mlangoni kwa jirani, anaaga.

Ondoka basi, bwana, nikamwambia. Mwenzio nataka kuoa.