Nilivyoua router ya shule Lushoto nikiweka Linux, na baba yangu fundi redio akaisikia bado inaongea

Wakuu, za mchana.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, nachungulia na kuondoka. Ila leo nimesoma uzi wa jamaa aliyeua router yake kwa kuiwekea firmware, yaani programu ya ndani, isiyo yake, nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Mimi nilishaua moja, na haikuwa yangu.

Nitaeleza ilivyokuwa bila kujipamba, maana pale nilipojiaibisha ndipo penye kisa chenyewe.

Turudi mwishoni mwa awamu ya tatu, karibu na 2005. Simu za mkononi zilikuwa zimeshapanda mlimani, lakini Lushoto ukitaka intaneti unakwenda chumba kimoja mjini chenye kompyuta sita, unakaa nusu saa, unasoma barua pepe zako, unampisha mwenzako.

Nilikuwa nimetoka Dar kusoma kompyuta, nimerudi nyumbani kusubiri kazi. Nina cheti kwenye bahasha na mtaani wananiita mtaalamu. Ukiitwa hivyo kila siku unaanza kuamini.

Baba yangu, Mzee Mbaruku, alikuwa fundi redio. Alikuwa na kibanda pembeni ya soko, na watu walimwita Mgosi Mbaruku. Mgosi kwetu Washambaa ni mwanamume wa kuheshimiwa. Zamani walikuja kwake kutoka Mlalo, Rangwi, hadi Mombo kule chini, redio imefungwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa.

Halafu bidhaa za nje zikaruhusiwa kuingia. Redio mpya za bei chee zikajaa madukani, ikinyamaza unatupa, unanunua nyingine. Baba akabaki na rafu imejaa redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hata hivyo kila asubuhi alivaa koti lake, akafungua kibanda, akawasha pasi ya kulehemu, akasubiri.

Wiki chache baada ya kurudi, nilipita pale nikamkuta anasafisha redio moja kwa brashi ya mswaki. Nikamwambia, "Baba, si ufunge tu hiki kibanda upumzike. Ufundi huu umeshakufa."

Aliendelea kupiga mswaki ile redio.

Nilidhani nimempa ushauri mzuri. Nyumbani tuliendelea kusalimiana, shikamoo, marahaba, lakini mazungumzo yakaishia hapo. Mama aliona, akaniuliza umemfanya nini baba yako. Nikasema sijamfanya kitu. Na kwa kweli nilikuwa sijui.

Sasa twende kwenye router.

Mwalimu Naomi alinifundisha fizikia kidato cha pili. Wakati wa kisa hiki alikuwa mkuu wa shule ya wasichana iliyoko kwenye kilima kinachotazamana na mji. Bonde liko katikati, lakini ukisimama uwanjani pale shuleni unaona mabati ya mjini yanang'aa. Shule ilikuwa imepata kompyuta nane za msaada, ila bila intaneti zilikuwa za kujifunzia kuchapa tu.

Mama mmoja, mwenye kile chumba cha intaneti mjini, alikuwa na binti yake pale shuleni. Akajitolea: ninyi tafuteni namna ya kukamata wireless yangu kutoka huko kilimani, mimi nitawaachia mtumie. Ila aliweka wazi kwamba anayesimamia mitambo yake anahama mwisho wa muhula, kwa hiyo yafanyike kabla hajaondoka.

Mwalimu Naomi akaniita. Kwenye ule msaada kulikuwa na router moja, kisanduku cha kijivu chenye antena mbili. Shida yake, programu iliyokuja nayo ilijua kutangaza wireless tu. Haikujua kuipokea kutoka kwingine. Yaani ilijua kusema, haikujua kusikiliza.

Nikamwambia hilo dogo, tunaiwekea Linux. Kuna Linux ndogo ndogo za router, ukiiweka unaiamrisha ifanye unachotaka.

Akaniuliza, "Una uhakika haitaharibika? Sina nyingine."

Nikasema, "Mwalimu, niachie mimi."

Kwenye kikao cha wazazi akasimama akatangaza kwamba intaneti inakuja, na anayeileta ni mwanafunzi wake wa zamani. Nilikuwepo. Nilipigiwa makofi.

Wakuu, orodha ya router zinazokubali ile Linux niliisoma vizuri. Iliyoandikwa pale namba yake iliishia na mbili. Yetu iliishia na tatu. Mwandishi wa orodha alionya kabisa kwamba matoleo mengine hayajajaribiwa. Nikaangalia picha, kisanduku kilekile, taa zilezile. Nikasema mbili na tatu zina tofauti gani.

Nilipakua faili mjini, nikapanda nalo kilimani kwenye flash disk, nikaliingiza kupitia ule ukurasa wa kuongezea firmware. Mstari ukajaa mpaka mwisho. Nikasubiri iwake upya.

Taa moja ikaanza kupepesa haraka haraka. Nyingine zote zikazima. Nikachomoa, nikachomeka. Nikabonyeza reset mpaka kidole kikauma. Hakuna.

Baadaye nilikuja kujua sababu. Toleo la tatu lilikuwa na memori nusu ya lile la pili. Nililishindilia kitu kisichoenea, kikakatika katikati.

Mwalimu Naomi alikuja na chai na viazi vya kuchemsha. Akaangalia ile taa, akaniangalia mimi. Hakupandisha sauti.

"Imekufa?"

"Bado naangalia, Mwalimu."

Akaweka chai mezani akatoka. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Siku mbili nilikaa mjini nasoma kwenye mtandao. Nikagundua kwamba ukifungua kisanduku, kwenye bodi kuna vitundu vinne vidogo. Hiyo ni serial, mlango wa nyuma waliouacha waliotengeneza. Ukiunganisha waya pale na kompyuta, unaweza kuongea na bootloader, ile programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote. Kama hiyo iko hai, router inaokoka. Lakini nani wa kulehemu waya kwenye vitundu vya ukubwa ule? Mimi nilikuwa sijawahi kushika pasi mkononi, japo nilikulia kwenye harufu yake.

Mnajua nilikwenda wapi. Nilizunguka soko kwanza. Nikanunua matunda, plamsi, ambazo sikuwa na hamu nazo. Halafu nikasimama mlangoni pa kibanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Nimeharibu kitu cha watu."

Akaweka chini alichoshika. "Kiko wapi?"

Basi. Hakuuliza nimekiharibuje wala hakunikumbusha chochote. Nikatoa router kwenye mfuko, akaivua kifuniko, akavaa miwani, akainama juu ya ile bodi kwa muda mrefu. Alikuwa hajawahi kuona router. Lakini alianza kuigusa sehemu moja moja akitaja kwa sauti ya chini: huu umeme unaingia hapa, hapa unashushwa, hapa ni ardhi, ndipo unaporudi.

Nikamwonyesha vile vitundu vinne na waya niliokuja nao wa kuchomeka nyuma ya kompyuta.

"Hiyo kompyuta inatoa volti ngapi hapo?" akauliza.

Sikujua. Cheti ninacho, na sikujua.

Tukaenda duka la stationery la jirani, akaomba kupima mlango wa nyuma wa kompyuta yao. Mita yake ilikuwa ile ya zamani ya sindano. Ikasoma volti kumi na moja. Tukarudi akapima kwenye bodi: tatu na kidogo.

"Ungeunganisha moja kwa moja ungekiunguza," akasema. "Hapo ndipo kingekufa kweli."

"Kwani sasa hivi hakijafa?"

Aliweka ncha moja ya mita kwenye ardhi, nyingine kwenye kitundu cha pili, akaniambia, "Washa."

Nikawasha. Sindano ikapanda mpaka kwenye tatu, ikatulia kidogo, halafu ikaanza kutetemeka. Kidogo sana, kama majani ya chai yakipitiwa na upepo. Ikatulia tena.

Baba akatabasamu. Nilikuwa nimesahau tabasamu lake linavyokaa.

"Kinaongea hiki," akasema. "Wewe ndiye hukisikii."

Wakuu, niko kwenye fani hii miaka mingi sasa, nimeona vifaa vya gharama kubwa vya kupimia. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ile sindano.

Akapanda kwenye rafu, akashusha redio moja iliyokosa mwenyewe, akang'oa transista mbili na rezista nne. Akatengeneza saketi ndogo ya kushusha volti kumi na moja ziwe tatu, na kupandisha zinazorudi. Ikaja zamu ya kulehemu. Akaniambia nishike bodi.

Pua zetu zilikuwa karibu kugusana. Nikaona ndiyo nafasi.

"Baba, yale maneno niliyosema siku ile, ya kufunga kibanda..."

"Usitikisike."

Akamaliza waya wa kwanza, akapuliza. Waya wa pili. Wa tatu. Akarudisha pasi mahali pake.

"Sasa sema."

"Nilikosea. Nisamehe."

Akafuta miwani kwa shati. "Mimi najua redio hazirudi," akasema. "Nina macho. Kilichoniuma ni kwamba ulisema ufundi umekufa, na wewe ndiye niliyekuwa nataka kukuachia."

Akanisukumia ule mfuko wa plamsi, tukala.

Kesho yake tulipanda kilimani wote wawili, yeye na koti lake na sanduku lake la vifaa. Mwalimu Naomi akampokea kwa shikamoo ya kupiga goti, maana baba alimzidi umri kwa mbali.

Tukaunganisha. Nikawasha router, kwenye kioo cha kompyuta zikaja takataka, alama zisizosomeka. Baba akasema, "Hujaikamata stesheni vizuri." Alikuwa sahihi kabisa, spidi ya mawasiliano niliiweka siyo. Nikaibadilisha, maandishi yakaanza kuteremka, safi. Bootloader ilikuwa hai.

Safari hii sikukurupuka. Nilitumia siku tatu kuipunguza ile Linux, natoa kila kisichohitajika mpaka ikaenea kwenye memori yake. Nikaituma kupitia waya wa network, bootloader ikaipokea. Baba alikaa pembeni kwenye dawati la mwanafunzi, kila baada ya muda anauliza imefika wapi, nami namsomea mistari. Ilipotokea alama ya kusubiri amri nikasema, "Baba, imeingia." Akaitikia kama mtu aliyeambiwa chakula kiko tayari.

Antena alitengeneza yeye kwa kopo la maziwa ya unga. Mimi nilimpa vipimo, yeye akanirekebishia kimoja. Tukaifunga kwenye nguzo ya bendera, tukaielekeza mjini. Mara ya kwanza haikukamata. Akaigeuza kiasi cha upana wa kidole. Ikakamata. Muhula ulikuwa umebakiza siku nne.

Wasichana walijaa chumba cha kompyuta mpaka madirishani. Mwalimu Naomi akasema wa kwanza kufungua kitu awe Mgosi Mbaruku. "Mzee, unataka tukutafutie nini?"

Nilidhani atasema Makka, au timu yake ya mpira. Baba akafikiri, akataja jina na namba ya redio moja ya Kijerumani ya zamani, zile zenye taa za kioo ndani badala ya transista. Akauliza kama mchoro wa ndani wa redio hiyo unaweza kupatikana.

Nikatafuta. Ulikuwepo. Ukaanza kushuka kwenye kioo taratibu, kipande kwa kipande, na chumba kizima kikasubiri pamoja naye.

Akasogea mpaka karibu kugusa kioo, akafuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Hapa," akasema. "Hii kapasita inatakiwa ishuke ardhini. Mimi niliipeleka mbele."

Akatueleza kwamba redio ile aliletewa na mwalimu mmoja alipokuwa bado fundi kijana. Akaitengeneza bila mchoro, kwa kubuni. Ikaimba, ila kwenye masafa mafupi ilibaki na mluzi. Mwenyewe aliichukua hivyo hivyo, akaitumia mpaka alipofariki, na hakulalamika hata siku moja. Baba ndiye aliyekuwa akipita mbele ya nyumba ile na kuusikia ule mluzi.

Akaomba penseli na karatasi ya daftari. Akaunakili mchoro wote, mstari kwa mstari, na mimi nikakaa kando yake kumshikia karatasi isikunjike. Wasichana walipanga foleni nyuma yetu. Hakuna aliyemharakisha.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kifaa chako kama hakimo kwenye orodha, usijidanganye kwamba namba moja si kitu. Tafuta serial kwanza, pima volti kabla ya kuunganisha, na bootloader usiiguse mpaka ujue utarudije. Hayo ya kiufundi.

La pili ni gumu zaidi kuandika. Kabla hujamwambia mtu kwamba kazi yake imepitwa na wakati, kaa naye karibu umtazame akiifanya.

Nani mwingine humu aliokolewa na fundi wa zamani asiyejua kompyuta ni nini? Andikeni hapo chini, nasoma zote. Na yule jamaa mwenye router iliyokufa, usiitupe, weka picha ya bodi tuitafute ardhi iko wapi.