Dumuzi Miguu Juu

Hii hadithi huwa siisimulii nikiwa kwa wakwe, na hata nyinyi nawasimulia kwa sababu mmenichokoza, kwa hivyo nikianza kupandisha sauti msiniambie nitulie, maana miaka imepita na bado nikiikumbuka nasikia joto likinipanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Niliaibika, sikatai. Niliaibika mbele ya ukumbi mzima wa watu pale Bungoma, na wengine walikuwa watu wa boma nilikoolewa. Lakini aibu ilikuja ikaisha. Hasira ndiyo imekataa kuisha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafanya kazi Kitale, katika shirika dogo lililokuwa linafundisha wakulima kuhifadhi mahindi, kwa sababu wakati huo kulikuwa na mdudu anaitwa dumuzi aliyekuwa anamaliza watu. Unajaza stoo baada ya mavuno, unafunga mlango, unakuja kufungua unakuta unga na mashimo. Hata baba mkwe wangu, Mzee Wekesa, stoo yake yote ilikuwa imeliwa hivyo, ikabidi mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anauza mahindi aende sokoni kununua. Basi shirika likapanga mkutano mkubwa Bungoma mjini, kwenye ukumbi wa kanisa, na mimi ndiye nikachaguliwa kufundisha. Nilituma neno nyumbani kwamba baba mkwe aje. Jibu lililorudi ni kwamba mzee ameuliza, ati, yeye afundishwe mahindi na nani? (Hapo mjue hakuwa amefurahia sana mke wa mwanawe kukaa Kitale akifanya kazi ya ofisi. Hakuwahi kusema, lakini nilijua.) Kwa hivyo nikajua haji, na moyoni nikapumua kidogo, kwa sababu kwetu mke wa mtu hasimami mbele ya baba mkwe akapiga domo. Humpi mkono, hukai naye kiti kimoja, na ukiongea naye unaongea ukiangalia chini.

Sasa projekta. Mkubwa wetu ofisini alikuwa anaitwa Masinde, na yeye ndiye aliyeitoa Nairobi, mashine nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, inalala kwenye sanduku lenye sponji. Unaunganisha na laptopu na picha zako zinatokea ukutani kubwa kuliko mlango. Kitale wakati huo watu walikuwa hawajaona kitu kama hicho, na Masinde aliipenda ile mashine kuliko alivyotupenda sisi. Hatukuruhusiwa kuigusa. Mimi na mwenzangu Chebet, msichana wa Cheptais aliyekuwa na akili tulivu kunishinda, tulifundishwa kuiwasha mara moja tu, tukisimama mbali kama wagonjwa wa ukambi, huku yeye anabonyeza na kusema, "Mmeona? Mmeona?" Tukasema tumeona.

Siku moja kabla ya mkutano wetu, Masinde aliichukua akaenda nayo kwenye hoteli fulani hapo Kitale kuwaonyesha wageni wake. Huko waliifunga juu darini, ikining'inia kichwa chini, na ukiifunga hivyo lazima uiambie mashine igeuze picha, la sivyo wageni wataona vitu vimepinduka. Akaigeuza. Wageni wakaona, wakala, wakaenda. Yeye akairudisha kwenye sanduku, na hakurudisha picha ilivyokuwa wala kutuambia chochote. Kwamba ameipeleka hotelini nilijua, hayo mengine nilikuja kuyajua baadaye, lakini nawaambia sasa hivi ili mjue wa kumkasirikia.

Asubuhi ya mkutano tunapakia vitu kwenye pikapu ya ofisi, Chebet akaniambia, "Si tuiwashe kwanza hapa, tuone kama iko sawa?" Swali la mtu mwenye akili. Nami, bana, nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nimesuka nywele, nimekariri maneno yangu mpaka nayaota, nikasema, "Wacha bwana, tutachelewa. Tutaiwashia huko huko." Mnaona vile kitu huanza? Neno moja tu. Masinde naye akatuambia tutangulie, ana kikao kidogo Kiminini, atatupata kabla hatujaanza, yeye mwenyewe ndiye atakayeifunga mashine. Tukatangulia.

Tulifika Bungoma tukakuta ukumbi umejaa, wamama na watoto mgongoni, wazee na kofia zao, na Masinde hayupo. Tukangoja. Watu wakaanza kuangalia mlango, kuangalia jua, kukohoa kile kikohozi cha kuuliza mnatuweka hapa kwa nini. Nikaona nitaanza mwenyewe. Tukafunga shuka jeupe ukutani, tukaweka mashine kwenye meza, tukaiinua mbele kwa vitabu vya nyimbo vya kanisa (Mungu atusamehe) ili mwanga upande juu ya shuka, na kwa sababu madirisha hayakuwa na mapazia tukaomba mablanketi kwa wamama waliokuwa na watoto, tukayatundika mpaka ukumbi ukawa giza. Nikachomeka plagi. Feni ikanguruma, mwanga ukatoka. Shuka likawa la buluu tupu.

Buluu. Hakuna picha. Nikachomoa waya wa laptopu, nikarudisha. Buluu. Nikazima laptopu, nikawasha, tukangoja ijikune ijikune mpaka iamke, bado buluu. Nimeshaanza kutokwa na jasho, na mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hiyo ni mbingu, na mvua iko wapi?" watu wakacheka, na hapo ndipo hasira ya kwanza ilinishika. Chebet akaja akaninong'oneza, "Kuna vitufe viwili unabonyeza pamoja, nilimwona Masinde akifanya." Nikamwambia bonyeza basi. Wakati anabonyeza mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya meza, mgongo kwa shuka, uso kwa wakulima, na laptopu imeelekezwa kwangu. Nikaangalia laptopu, dumuzi wangu huyo hapo, mweusi, mzuri, amesimama wima vile anavyotakiwa. Nikasikia ukumbi mzima ukisema "Aaah!" Nikajua imekubali. Chebet akakimbilia dirisha la mwisho kwa sababu blanketi lilikuwa linaanguka, nami nikaanza kufundisha.

Na sikugeuka. Kwa nini sikugeuka? Nimejiuliza mara nyingi. Mwanga ulikuwa unanipiga macho kila nikisogea, sioni nyuso, naona vichwa tu kama mawe, na nilikuwa na maneno yangu niliyokariri, nikaogopa nikigeuka yatanitoka.

"Mdudu huyu," nikasema, "ndiye adui yenu."

Kicheko kidogo. Nikaendelea. Nikabadilisha picha, ile ya mkulima akinyunyizia mahindi dawa. Kicheko kikubwa zaidi. Nikaweka ile ya mama akimimina mahindi kwenye gunia, na hapo watu wakavunjika mbavu, mtu anampiga mwenzake bega, wamama wanafuta machozi kwa leso. Nikajiangalia kitenge. Nikapapasa nywele. Kule dirishani Chebet ananizungushia mkono hewani, anazungusha, anazungusha, mimi nikadhani ananiambia niharakishe. Nikaharakisha. Wakacheka zaidi.

Sasa mbele kabisa, mstari wa kwanza, kulikuwa na kichwa kimoja chenye kofia, na hicho kichwa kilikuwa kimelala upande, kimeinama mpaka kimekaribia bega la jirani. Huyu, nikasema moyoni, wenzake wananicheka na yeye amelala fofofo. Na hapo, marafiki zangu, ile hasira ya buluu, ya Masinde kuchelewa, ya kikohozi na ya mvua, yote ikanipanda pamoja.

"Mnacheka nini?" nikapiga kelele. "Watu wazima na mvi zenu! Mahindi yenu yanaliwa mpaka mnaenda kununua unga dukani kama watu wa mjini, mtu anatoka Kitale kuwaletea msaada, nyinyi mnacheka kama watoto wa nasari! Na wewe mzee wa kofia hapo mbele, ndiyo, wewe! Kama umekuja hapa kulala si ungebaki kwako ukalale? Ndiyo maana dumuzi anawamaliza, kwa sababu mko hivyo!"

Vicheko vikakatika. Blanketi la lile dirisha la mwisho likamponyoka Chebet likaanguka, mwanga wa jua ukaingia ukampiga yule mzee usoni.

Alikuwa baba mkwe.

Mzee Wekesa mwenyewe, na koti lake la Krismasi, na fimbo yake katikati ya magoti. Alikuwa amekuja. Baada ya yale maneno yote alikuwa ameamka asubuhi akavaa koti akaja, na (hili niliambiwa baadaye na jirani yake) alikuwa amekaa hapo mbele akiambia watu kwamba mwalimu ni mke wa mwanawe. Akainua kichwa polepole. Akanyoosha kofia. Akasimama, akasema kwa ile sauti ya watu wa Bungoma, bila kuninyooshea hata kidole:

"Mimi sikurara, mama. Nirikuwa nasoma."

Ndipo nikageuka. Dumuzi alikuwa miguu juu. Mama alikuwa ananing'inia kama popo na mahindi yanapanda kutoka kwenye gunia kwenda mbinguni. Maneno yote yamepinduka, kutoka la kwanza mpaka la mwisho, na mzee wa watu, ambaye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, alikuwa ameinamisha kichwa chake ili afuate niliyoyaandika. Alikuwa pengine ndiye mtu pekee humo ndani aliyekuwa anasoma.

Na ni wakati huo huo, siyo mapema wala baadaye, Masinde aliingia. Anatembea haraka, funguo zinalia, anauliza tangu mlangoni, "Nani amegusa mashine yangu?" Hakuuliza kumetokea nini. Alifika mezani, akaona picha, akanyoosha mkono akachomoa plagi ukutani, hivyo hivyo, mashine ikiwa moto, feni ikakatika. Tukasikia ndani yake, "Tak!" Alipoirudisha plagi, taa nyekundu. Balbu ilikuwa imekufa. (Na katika ile siku moja aliyotufundisha, kitu kimoja alichorudia ni kwamba usichomoe kabla feni haijamaliza kupoza balbu.)

Akageukia watu, akatabasamu, akasema, "Samahani sana wazee wetu. Huyu mama hajui mashine. Siku nyingine tutawaletea mtaalamu."

Sikuwa na cha kupoteza tena. Nikamwambia mbele ya wote, "Masinde, ni nani aliyeigeuza jana hotelini?" Maana akili yangu sasa ndiyo ilikuwa imeanza kufanya kazi, nikakumbuka ile hoteli wanafunga vitu darini. Nikaona kwa macho yake kwamba amekumbuka. Halafu akaniambia polepole, kama mtu anayemhurumia mtoto, "Si ungeijaribu kabla hujaja?"

Na alikuwa amesema ukweli! Hicho ndicho kinachoniumiza mpaka leo. Chebet alisimama hapo, msichana wa watu, akaangalia viatu vyake, hakusema "nilikwambia". Ningekuwa mimi ningesema.

Baba mkwe alitoka bila kungoja chakula. Habari ilinitangulia nyumbani. Mume wangu hakunigombeza, aliniuliza tu, "Ulimwambia baba akalale?" na ningependa zaidi anigombeze. Ikabidi mama mkwe anipeleke kwa mzee kuomba msamaha. Nilibeba kuku na sukari. Nikasimama uani nikiangalia chini, yeye amekaa barazani akinipa upande. Nikasema yangu. Kilio kilinikatiza mara mbili.

Akangoja nimalize. Akasema, "Uriongea mbere ya watu. Mimi nirinyamaza mbere ya watu. Imeisha." Halafu akamwambia mama mkwe, siyo mimi, kwamba kama yule mwalimu hana haraka aende stooni amwonyeshe huyo mdudu anakaa wapi.

Tukaenda, mama mkwe katikati yetu. Nikavunja gunzi, nikagongea dumuzi wawili kwenye kiganja changu, nikawaweka kwenye kizingiti ili nisimkaribie mzee, naye akachuchumaa akawaangalia. Nilieleza kila kitu kwa sauti ya chini: kukausha, kupukuchua kabla ya kuweka, kupepeta, kuchanganya dawa. Aliuliza maswali ya maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Mwaka uliofuata stoo yake haikuliwa.

Masinde je? Balbu ilichukua miezi kufika kutoka Nairobi, na kwenye ripoti iliandikwa kwamba mimi ndiye niliyeiunguza. Hajawahi kuniomba msamaha. Nilikutana naye mwaka juzi Kitale, amezeeka, akanishika mkono kwa furaha akaniuliza, "Unakumbuka ile siku ya Bungoma? Tulicheka!" Tulicheka, ati. Nikatoa mkono wangu nikaenda zangu, kwa sababu pale barabarani kulikuwa na watu, na nimeapa sitawahi tena kumpigia mtu kelele kabla sijageuka kuangalia kilicho nyuma yangu.

Lakini siku nikimkuta peke yake, atanisikia.