Chai Ambayo Nyanya Hakuionja

Juzi kazini mwenzangu alialikwa kwenda kutazama mpira, akakataa, akasema kwa Kizungu kwamba mpira si kikombe chake cha chai, yaani haupendi. Watu wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Mimi, rafiki yangu, fikira zilinirudisha kijijini kwetu Ekerenyo moja kwa moja, jikoni kwa nyanya.

Nyanya yangu alikuwa Msabato kwelikweli, na dini yake ilimkataza chai. Alichuma majani chai maisha yake yote, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, lakini chai yenyewe, aka! haikupita midomoni mwake. Sisi wajukuu tulikunywa maziwa ya mchaichai kwa ndizi za kuchemsha, tukashiba tukanyamaza. Ila kila jioni alibandika kisufuria cha pembeni, akapika chai nzito kwa ajili ya jirani yetu, mama Mkatoliki mcheshi, aliyepitia migombani akipiga hodi kwa sauti ya kushtua kuku.

"Dada, leo sukari umezidisha!"

"Nitajuaje, na mimi siionji?"

Wakacheka mpaka moshi ukawapalia.

Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha msemo ule. Alisema hapo mwanzo Waingereza waliutumia kwa mtu wanayempenda: fulani ni kikombe changu cha chai. Huku kukataa kulikuja baadaye. Nilipomweleza nyanya, alifikiri kidogo, akamnyooshea jirani kidole. "Basi changu ndicho hiki, kinachonimalizia sukari."

Mwaka huohuo wana wa jirani walikuja kumchukua akaishi nao Nakuru. Miguu ilikuwa imemshinda; nani angewazuia? Nyanya alimfungia ndizi, akamwambia aende salama, wala hakulia mbele yake.

Jioni ile akabandika kisufuria. Akamimina chai, akakiweka kikombe mahali pa mgeni, akangoja mpaka ikafanya utando, kisha akaenda kuimwaga kwenye shina la mgomba. Kesho yake akapika tena.

"Nyanya, hii ni ya nani?"

"Yaya, hapana, niache. Mikono imezoea."

Jirani hakurudi. Nyanya naye ametangulia, jiko la kuni limebomolewa, na kijia cha migombani kimezibwa kwa ua wa waya. Namlilia bado, sioni haya kusema. Chai napikiwa kila ninapokwenda, tamu tu, na wanaonipikia tunainywa pamoja. Mtu wa kumpikia mwenzake asichokionja mwenyewe, huyo simwoni tena.