Siku Nesi Alipoomba Kimya

Asubuhi ile, kwetu Handeni, nilikuwa nikipukuchua mahindi na mama mkwe wangu uchungu ulipoanza. Mume wangu alikuwa kibaruani kwenye shamba la mkonge, Ngombezi. Tukatembea taratibu hadi zahanati. Nesi, mama mmoja Msambaa, alinipima akasema njia inafunguka vizuri. Kila uchungu ulipotulia aliweka tumboni kwangu kile kipembe cha kusikilizia, akainamisha sikio. Mapigo ya mtoto yako sawa, aliniambia, nisiwe na hofu.

Ugomvi wa mashamba na ng'ombe, kati yetu wakulima na wafugaji wa Kimasai, ulikuwepo siku nyingi. Hatukudhani ungefika pale.

Adhuhuri mama mmoja wa Kimasai aliingia akimkokota mwanawe, kijana aliyekatwa panga begani. Nesi alimfunga jeraha haraka, akamlaza sakafuni kando ya kitanda changu, akarudi kunisikiliza.

Nyuma yao wakaja wanaume wa kijiji chetu. Walijaza mlango, wakipiga kelele kijana atolewe. Mbele alikuwa shemeji yangu, Rajabu.

Panga lake lilikuwa na damu.

Nesi hakuinuka. "Nyamazeni," alisema. "Mapigo ya mtoto yanashuka. Kwa kelele hizi siyasikii."

"Mtoto wa nani?" Rajabu aliuliza.

"Wa kaka yako," nikasema.

Wakanyamaza.

Nesi akasikiliza tena. Nilimtazama usoni, nikajua mapigo bado yanashuka.

Alinigeuza ubavu wa kushoto, akapiga simu gari lije linipeleke Korogwe kwa upasuaji. Dereva akamwambia barabara imezibwa kwa magogo.

Ni hao hao wanaume wa mlangoni walioyaweka.

Rajabu alitoka mbio kwenda kuyaondoa, lakini mtoto hakungoja gari. Yule mama wa Kimasai akanishika mguu nipate kusukuma.

Mwanangu alitoka, wa kiume, mzito, kimya. Nesi alimpulizia hewa, akampulizia tena, mpaka mama mkwe alipomshika mkono aache. Gari lilifika baadaye. Likambeba kijana.

Miaka imepita. Nilimuuliza nesi kama mwanangu angepona endapo barabara ingekuwa wazi. Alisema hajui. Rajabu hajawahi kuuliza. Akija kwetu hukaa nje na kaka yake.

Yule kijana alipona. Tukikutana mnadani huniinamishia kichwa na kuniamkia, shikamoo mama. Namwitikia marahaba. Sijutii kwamba yu hai. Akishapita, natafuta mahali nikae kwanza.