Shibiri Sita za Mkono Wangu

Mwanangu, siku nyingi za Doha zimenitoka kichwani, lakini ile ya skrini ya Hessa ninayo mpaka leo, na nikiikumbuka mwili hunisisimka. Keti nikueleze jinsi mkono huu unaouona ulivyotaka kumfukuzisha mtoto wa watu kazi.

Nilikuwa mpishi katika nyumba moja kule Umm Salal. Sikuwa msichana tena, ila kiburi changu kilikuwa cha msichana. Mwenye nyumba tulimwita Baba Faisal. Binti yake wa mwisho ndiye huyo Hessa, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha marubani. Chumbani alikuwa na usukani wa ndege, pedali za miguu, na kompyuta iliyomwonyesha anga. Nikimpelekea chai namkuta anapaa na kutua bila kuondoka kitini. Mara ya kwanza nilishika ukuta, nikidhani nyumba inalala upande.

Skrini yake ilikuwa ndogo. Akipinda kuutafuta uwanja, uwanja unampotea pembeni. Kaka yake alimshauri apange skrini tatu, akakataa. "Zinaacha mistari katikati, Mama Rael. Ni kama kutazama nje kupitia nondo za dirisha." Alitaka moja, pana sana, iliyopinda kidogo imzunguke uso. Lakini meza yake ilibanwa kati ya kabati na ukuta, kwa hiyo asubuhi moja, akienda shule, aliniachia tepu ya kupimia. "Pima hiyo nafasi, umwambie Wekesa namba. Yeye atakuwa dukani."

Wekesa alikuwa dereva wa nyumba, kijana wa Bungoma, mrefu, zamani golikipa. Mshike huyo kichwani.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Kiswahili nilikiokoteza, lakini Kiingereza na vile vinamba vya tepu vilikuwa kwangu siafu tu waliopanga mstari. Ningemwambia Hessa, angenionyesha kwa dakika mbili. Mimi nikajibu "tamam", yaani sawa, nikatia tepu mfukoni mwa aproni. Alipotoka, nikapima kwa shibiri, kama mama yangu Nasimiyu alivyopima kitambaa.

Saa nne Wekesa akapiga simu. "Mama Rael, huyu jamaa wa duka, Biju, ananionyesha mbili. Iko pana, na iko ingine pana mpaka ni aibu. Nafasi ni ngapi?"

"Sita."

"Sita gani, mama?"

"Shibiri sita, baba. Na kidole."

Akacheka. "Kwani unanishonea gauni? Haya, wacha nipime."

Akapima, mwanangu. Kwa mkono wake yeye.

Sanduku lilipoingia mlangoni niliduwaa. Lilikuwa refu kama benchi la kanisa. Tulishachana plastiki yote, na duka halipokei kilichochanwa, ndipo tukaona kwamba skrini ni ndefu kuliko nafasi. Wekesa akasema tumngoje mwenyewe. Nani aliyesema itaingia? Ni mimi huyu. "Inamisha kidogo, nami nisukume." Nikasukuma. Kikalia kitu kidogo tu, kama mtu aliyevunja njugu kwa meno. Tulipoiwasha, mstari mweusi ulikuwa umelipasua anga kutoka kona moja hadi nyingine.

Baba Faisal alituita sebuleni. "Tepu ilikuwepo. Nani alipima?"

Nikatazama zulia. Ile tepu ilikuwa ingali mfukoni mwangu.

"Mimi, baba," akasema Wekesa.

Nilishtuka hata masikio yakaziba. Niliporudiwa na kusikia, Baba Faisal alikuwa akisema, "Dereva asiyeweza kupima meza, nimwachie watoto wangu barabarani? Mwisho wa mwezi utarudi kwenu."

Jikoni nilimuuliza Wekesa kwa nini. Akachukua chapati, akaikunja. "Mama, wewe ukitajwa leo, kesho wataanza kuuliza mengine." Nikajifanya sikumwelewa.

Ijumaa alinipeleka kanisani Mesaimeer, njia nzima akipiga mluzi kama mtu anayekwenda likizo. Baada ya ibada nilimtafuta Mama Perpetua, Mganda aliyetutangulia wote Doha, anipoze moyo. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono. "Lete tepu."

Nikaitoa. Akaivuta mbele ya watu. "Soma hapa."

"Siwezi, mama."

"Umeona? Umesema, na ukuta wa kanisa haujaanguka. Wewe Rael, miaka yote unapika kwa kipimo cha jicho, ukafikiri jicho lako linapima kila kitu. Kutojua si dhambi. Dhambi ni kumvika mtoto wa mwenzio aibu yako aende nayo kwao. Kina mama wenzetu husema mficha uchi hazai."

Kisha akaniketisha, tukapima benchi, tukapima meza ya chai, tukapima na kofia yake. Kufikia saa ya kuondoka nilikuwa najua sentimita. Kitu nilichokikimbia miaka yote kilinichukua muda wa kikombe cha chai.

Jioni ile nilimwendea Baba Faisal, nikamwambia aliyepima ni mimi, kwa shibiri, aliyesukuma ni mimi, na kwamba namba za tepu sikuzijua. Akamwita Wekesa. Akatuamuru tuweke viganja juu ya meza, kimoja kando ya kingine, vidole vimetanuka. Kiganja changu kilionekana cha mtoto. Hessa akataka kucheka.

Baba yake hakucheka. Uso ulimbadilika taratibu, akavuta kiti, akaketi.

"Rael, vile vikaratasi ninavyokuachia kila asubuhi. Vya dawa za mama yangu. Unavisoma vipi?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekificha. "Wekesa hunisomea," nikasema.

"Na mwezi ule Wekesa alipokwenda likizo?"

"Nilikwenda kwa rangi za vidonge."

Kutoka chumba cha pili tulimsikia mama yake mzee, Bibi Moza, akikohoa na kuitisha maji. Mungu alikuwa amemkinga, si mimi. Hebu fikiria, tulikuwa tunalilia kioo.

Wekesa hakurudishwa kwao. Dawa zikawekewa vijisanduku vyenye alama ya jua na mwezi, na Hessa akaanza kunifundisha kusoma kila alasiri. Ile skrini tukaihamishia meza ya chakula, na Hessa akajizoeza kutua akitazama chini ya ufa. Mtihani akaupita. Mimi kila nilipopangusa meza ile nilipitisha kidole juu ya mstari mweusi.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Utakapokwenda kazini kwa watu, neno "sijui" litangulie mkono wako. Usilicheleweshe kwa kuona jambo ni dogo, la meza na skrini, kwa sababu ujinga uliofichwa haukai mahali pamoja. Leo unapima meza, kesho unapima dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nusura niumbuliwe kwa kifo cha mama wa mtu. Na mwenzako akikubebea aibu yako, usimwache alale nayo hata usiku mmoja. Mimi nilimwachia Wekesa siku tatu, na hizo siku tatu bado zinanidai.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mwalimu asiyekucheka, na rafiki wa kukusomea usichokijua mpaka utakapojisomea mwenyewe. Na kazi ya mikono yako isimuumize mama wa mtu yeyote.