Unga wa Muhogo Kwenye Pedi

Juzi nilikwenda kusajili laini ya simu pale sokoni Kibondo. Kazi ya dakika mbili, si ndiyo? Dada wakala akanisogezea kile kimashine cha alama za vidole, nikaweka kidole gumba. Kikakataa. Nikaweka cha shahada, kikakataa. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna, na kadiri walivyoguna ndivyo viganja vyangu vilivyozidi kulowa. "Kaka, futa mkono basi, mbona kama umetoka kuoga?" dada akasema. Nikafuta kwenye suruali. Kikakataa tena! Niliondoka pale bila laini, nimefura, maana mikono hii hii ndiyo iliyoniaibisha Kasulu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu, wewe si mtu wa kunicheka.

Nilikulia Kitahana, kwa bibi. Bibi alikuwa mtu wa muhogo. Asubuhi, kabla sijaamka vizuri, nilikuwa nausikia mchi wake ukishuka kwenye kinu, pu, pu, pu, na harufu ya muhogo uliovundikwa imejaa ua mzima. Kazi yangu ilikuwa kuanika makopa, vile vipande vya muhogo, na kufukuza kuku. Kila alipotaka kuushika mchi, bibi alichota unga kidogo akajipaka viganjani, usimteleze. Niliiona hiyo kila siku ya Mungu, ikanikaa kichwani, na ndiyo iliyokuja kuniponza.

Nikimaliza kazi, mbio mjini kwenye banda la gemu. Mabati matupu, TV ya chogo, benchi moja na pedi mbili zilizofutika alama zote kwenye vitufe. Mwenye banda alikuwa na sheria moja tu: aliyefungwa anampisha mwenzake. Mimi nilikuwa simpishi mtu. Sijisifu, uliza yeyote wa rika langu pale Kibondo.

Lakini hapo kulikuwa na jambo la kuudhi. Tukicheza vya kawaida, mikono ilikuwa mikavu kama makopa. Pakiwa na cha kushindania tu, basi! Moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Mdomo unakauka, goti la kushoto linarukaruka lenyewe, haja ndogo inanibana na chooni nimetoka sasa hivi. Na viganja, mama wee, vinachuruzika. Mtu umekaa kwenye benchi, hukimbii, hubebi mzigo, unatoa jasho kama uliyelima ekari. Bibi alinishika mkono siku ya mtihani wa shule akacheka sana. "Mwana wanje," aliniita hivyo kila siku, yaani mwanangu, "mikono yako inalia kabla ya macho."

Sasa sikia. Mwenye banda mmoja wa Kasulu alitangaza mechi ya gemu ya mpira: mtoto wa Kibondo na mtoto wa kwao, mshindi anaondoka na mpira wa ngozi. Mpira wa kweli! Sisi Kitahana tulikuwa tunacheza na mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba za migomba. Mvua ikinyesha unakuwa mzito, ukiupiga kichwa unaona nyota mchana. Mwenye banda wetu akanichagua mimi. Timu yetu nzima ya Kitahana ikanitazama kana kwamba nimeshaubeba. Kipa wetu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alishatangaza kwamba mpira utalala kwao, kwa sababu kwao hawafugi mbuzi wa kuutafuna.

Jumamosi ya mechi viganja vilianza kulowa nikiwa bado nanawa uso. Nikajiuliza, bibi anafanyaje? Nikachota unga, nikautia mfuko wa suruali, gao zima. Hakuna aliyenishauri, ilikuwa akili yangu mwenyewe. Bibi wa watu unga ulimfaa kwa sababu mchi hauna vitufe, lakini hilo nililijua nimeshachelewa.

Tulipanda lori la maharage, mimi, kipa na mwenye banda wetu, tukafika Kasulu tumekuwa wekundu kwa vumbi. Mpira ulikuwa umening'inizwa kwenye wavu juu ya TV, kwa hiyo kila nilipoinua macho niliuona. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa Makere, huko huko Kasulu, kwao walitoka Kongo. Ametulia kama amekuja kunyolewa. Akanitazama mikono.

"Petit, juu ya nini unatetemeka vile? Hapa hakuna egzame."

Kwao petit ni mdogo, egzame ni mtihani. Watu wakaangua kicheko. Nilitamani nimzabe kibao.

Kipindi cha kwanza unga ulifanya kazi. Nakwambia ulifanya kazi! Naingiza mkono mfukoni, najipaka, pedi haitelezi. Mbili bila. Kipa alikuwa nyuma yangu ananitwanga ngumi za mgongo kwa furaha. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikaongeza. Moyo ukazidi, jasho likazidi, nikazidisha unga, na wewe uliyewahi kusonga ugali unajua unga ukikutana na maji inakuwaje. Kitufe cha shuti kikazama kisirudi juu. Mshambuliaji wangu akawa anapiga mashuti tu, katikati ya uwanja, kwenye kona, popote alipo. Nabonyeza pasi, anapiga shuti! Nikapiga kelele, "Pedi! Pedi!" lakini nani akusikie ndani ya mabati yaliyojaa watoto? Mbili moja. Mbili mbili. Dakika za mwisho yule kijana akanipita taratibu, hata jasho la puani hana. Tatu mbili.

Nikasimama nikasema mbele ya wote, "Mmenipa pedi mbovu!"

Mwenye banda wetu akalidaka neno hilo, akawaka. Akasema tumedhulumiwa. Mwenye banda wa Kasulu naye akaja juu, wakashikana mashati. Walikuwa marafiki wale watu, wakiazimana gemu na nyaya. Tangu siku ile hawakusalimiana tena. Nami nilikuwa nimesimama palepale, mkono mfukoni, nimelishika donge la unga.

Kitahana walinipokea kama mtu aliyeonewa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kufungwa. Walifunga mpira mpya wa migomba, wakasema mimi ndiye nianzishe mechi. Kipa alikuwa wa kwanza kumwambia kila mtu, "Pedi ilikuwa mbovu, nilikuwepo, niliona kwa macho yangu." Nikaupiga ule mpira, ukaniumiza kidole.

Leo mabanda yote mawili hayapo. La kwetu ni saluni. Watoto wanacheza kwenye simu, kila mmoja na kona yake, hakuna wa kukutwanga mgongoni ukifunga goli. Mwenye banda wetu tulimzika miaka kadhaa iliyopita, ameondoka akiamini aliibiwa Kasulu. Mara ngapi nilitaka kumwambia! Nikifika mlangoni kwake, viganja hivi hapa, chapachapa, nageuza.

Basi juzi, nilipokataliwa laini, nilipita kwa kipa. Anauza maharage palepale sokoni. Nikamlalamikia kimashine chao, nikamlalamikia foleni, nikamlalamikia na yule dada. Alikuwa anampimia mteja, wala hakuinua kichwa.

"Si ungejipaka unga kidogo?" akasema.

Nilikosa pa kuweka uso. Miaka yote hiyo! "Kumbe ulijua?"

"Suruali yako ilikuwa nyeupe mpaka gotini, bwana."

"Sasa kwa nini hukusema?" Nilimfokea kabisa, mteja akageuka. "Si ungesema!"

Akamwaga maharage kwenye mfuko wa mteja, akaufunga, ndipo akanitazama.

"Mpira wa migomba tulikuwa nao," akasema. "Wewe tungekupata wapi?"

Akaninyooshea mkono tuagane. Nikasita kumpa wangu, maana ulikuwa umeshaanza kulowa.