Tulishona Mito Mji Ukiwa Umefungwa

Amani ya Mungu iwe kwenu nyote mliokuja hapa leo. Mtaniruhusu niseme nikiwa nimekaa, maana nikisimama kwa muda miguu bado inatetemeka. Jina langu ni Vumilia, lakini wengi mnaniita Mama Ombeni. Nilizaliwa Fizi, Kongo, nikaishi kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi, ndipo tukaletwa Texas, mimi na mume wangu na watoto.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa nguvu. Nilikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja Mesquite. Tulishona mito ya mapambo, ile midogo ambayo watu wanaipanga kwenye makochi na hakuna anayeilalia. Tulikaa kiwiko kwa kiwiko, wanawake wa Kongo, wa Meksiko, wa Burma. Kushoto kwangu alikaa Mama Sifa, mtu wa Bukavu. Alikuwa na sauti kubwa, anaimba huku anashona, na mshono wake haupindi. Asubuhi alinipitia na gari yake, jioni akanirudisha.

Korona ilipoingia, shule zikafungwa, makanisa yakafungwa. Serikali ikatangaza kwamba kazi zisizo za lazima zisimame. Nikamwambia mume wangu, "Basi na sisi tutapumzika. Nani anatafuta mto wa mapambo wakati watu wanakufa?"

Kesho yake msimamizi wetu akatukusanya. Alikuwa amesogeza meza mbili kwenye kona, ameweka vitambaa vya pamba, na amechagua wanawake wachache wa kushona barakoa. Akasema kwa kuwa kiwanda sasa kinashona barakoa, sisi sote tumekuwa essential, yaani watu wa kazi ya lazima. Asiyekuja atakuwa amejiondoa mwenyewe. Wale wa kwenye kona wakashona barakoa. Sisi wengine, ukumbi mzima, tukaendelea na mito. Siku moja nilimwomba anipe barakoa moja tu. Akajibu, "Hizi ni za mteja."

Tukajifunga vitambaa vyetu usoni tukaendelea.

Ilikuwa majira yale ambapo miti ya hapa inamwaga unga wa njano, magari yote yanakuwa na vumbi. Asubuhi moja Mama Sifa alikuja kunichukua na hakuimba. Nikamuuliza, "Umelala vibaya?"

"Kichwa tu. Ni hii allergie, mafua ya huu unga wa miti."

Tulipofika, kabla hatujashuka, alitoa vidonge vya homa akavimeza na maji. Mlangoni kulikuwa na kijana anayetupima joto kwenye paji la uso. Mama Sifa akanitazama, akasema taratibu, "Nikibaki nyumbani wananitoa. Na wakinitoa, watoto watakula nini? Weye unajua." Nilijua. Hata mimi ningemeza. Kipimo kikamruhusu, tukaingia, tukakaa kiwiko kwa kiwiko kama siku zote. Alikohoa kwenye bega lake siku nzima ili asitupulizie.

Baada ya siku chache hakuja kunipitia. Nilimpigia, simu ikaita bure. Msimamizi akasema amechukua likizo, na kwenye kiti chake akamkalisha mwanamke mwingine.

Ugonjwa wangu ulianza kwa sombe, yale majani ya muhogo. Nilikuwa jikoni nakoroga, na binti yangu Ombeni akatoka mbio chumbani, "Mama, it's burning!" Nikainamia sufuria. Moshi niliuona, lakini harufu sikuisikia. Nikafungua chupa ya mawese nikanusa. Hakuna kitu. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikajua.

Usiku ule mwili ulinitetemeka hadi meno yakagongana. Mgongo uliuma kama nimepigwa fimbo. Nikaharisha mpaka nikawa natambaa kwenda chooni. Tulienda kupimwa, mimi nimekaa kiti cha nyuma cha gari peke yangu, madirisha yako wazi, majibu yakatoka kwamba ninayo. Mume wangu akanipa chumba, yeye akalala na watoto sebuleni. Chakula alikiacha mlangoni. Nilikuwa namsikia amesimama upande wa pili, anasikiliza kikohozi changu.

Sasa niwaambie habari za wifi yangu, mke wa kaka yangu. Wao wanakaa Pearland. Yeye ni Mtanzania, mtu wa Mwanza, na ni muuguzi katika hospitali kubwa Houston. Alikuwa ananipigia kila siku akitoka zamu. Hakuniuliza kama nimekula. Alisema, "Wifi, vuta pumzi mara moja, halafu hesabu kwa sauti mpaka iishe." Mwanzoni nilihesabu vizuri, nikamtania. Kila siku hesabu ikawa fupi. Ikafika mchana mmoja nikasema moja, mbili, tatu, nne, nikakwama. Nilijaribu tena nikakwama palepale. Kifua kilikuwa kama mtu amekikalia.

Wifi hakutania. "Shemeji yuko wapi? Mwite aingie ndani."

Mume wangu akafungua mlango. Nilikuwa sijaona uso wake kwa karibu tangu nilale humo.

"Shemeji, midomo yake ina rangi gani?"

Akanitazama. "Iko kama majivu. Iko ya bluu."

"Piga 911. Usivae viatu, usifanye chochote, piga sasa hivi."

Walikuja wamevaa plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni. Kitindamimba wangu alitaka kunifuata, Ombeni akamshika shati. Mume wangu akaja pembeni ya machela mpaka kwenye mlango wa ile gari, na mmoja wao akanyoosha mkono kumzuia. Mume wangu huniita Mama Ombeni, tangu binti yetu azaliwe. Siku ile aliniita jina langu. "Vumilia, niko hapa. Vumilia, miye niko hapa." Mlango ukafungwa.

Hospitali waliniwekea hewa ya puani, kisha ya usoni, yenye nguvu kama upepo wa feni. Haikutosha. Nilipumua kama mtu aliyekimbia na hajafika. Akaja daktari mwanamke, macho tu ndiyo yanaonekana, ameshika simu. Kwenye simu kulikuwa na mkalimani, mwanaume, Kiswahili chake ni cha Kenya.

"Daktari anasema mapafu yako yamechoka. Anataka kukulaza usingizi, aingize mpira kooni, mashine ikupumulie."

Nikauliza, neno moja moja, "Nitaamka?"

Wakaongea Kiingereza. Daktari alisema maneno mengi. Mkalimani akasema, "Anasema hawezi kukuahidi. Anasema bila mashine haoni ukifika kesho." Halafu akashusha sauti. "Mama, hili si la daktari, ni langu mwenyewe. Ninakuombea."

Niliomba kumwona mume wangu. Muuguzi akanishikia simu usoni. Watoto walikuwa nyuma yake wamepangana kwenye kochi, wamevalishwa nguo za kanisani. Sijui nani aliwaambia wavae. Mume wangu akasema, "Kubali, mama. Nitakuwa baba na mama mpaka urudi. Lakini urudi." Nikataka kumwambia watoto wasile chakula cha baridi, hewa haikutosha. Nikaitikia kwa kichwa. Jambo la mwisho ninalokumbuka ni taa ya juu na mkono wenye glavu umeshika mkono wangu.

Nilipoamka nilidhani niko kambini. Mikono yangu ilikuwa imefungwa kwa kitambaa laini ili nisivute mpira. Walipoutoa, koo liliwaka kama limekwanguliwa, na sauti haikuwepo. Nilikuwa na mpira wa mkojo, na kidonda chini ya mgongo kwa sababu ya kulala. Kijiko sikuweza kukiinua. Watu wawili walinigeuza na kunisafisha kama mtoto mchanga, nikalia kwa aibu. Mmoja akanifuta machozi kwa taulo lilelile la uso, akaendelea na kazi yake. Baadaye nywele zikaanza kutoka, zinabaki kwenye mto.

Sauti iliporudi kidogo, nilimuuliza mume wangu kwenye simu, "Mama Sifa anaendelea je?" Akatazama pembeni. "Anapumzika," akasema. Alinificha mpaka nilipotolewa kwenye chumba cha mahututi. Ndipo akaniambia. Mama Sifa alikufa nikiwa nimelala kwenye mashine.

Akaniambia na lingine. Habari ya kifo ilipofika kiwandani, Rosa, mama wa Meksiko aliyekaa nyuma yetu, alizima cherehani yake akasimama. Yule wa pembeni akazima. Ikawa safu baada ya safu, na hata wale wa meza za barakoa, mpaka ukumbi ukawa kimya. Walitoka wakasimama kwenye maegesho ya magari, kila mtu mbali na mwenzake, vitambaa usoni, juani. Msimamizi akatoka akawakumbusha kwamba wao ni essential, na asiyerudi ndani asirudi tena. Hakuna aliyesogea. Mtu akapigia watu wa televisheni, maafisa wa mji wakafika, na kiwanda kikafungwa. Niliposikia hayo nililia mpaka kile kipimo cha hewa kwenye kidole kikaanza kupiga kelele, muuguzi akaja mbio.

Kaka yangu alikuja kunichukua, akanipeleka Pearland, ili mume wangu aweze kuangalia watoto. Wifi alikuwa anatoka hospitali, anavua nguo za kazi gereji, anaoga, ndipo anakuja kunishika. Siku nyingine nilimsikia akilia kulekule gereji kabla hajaingia. Akiingia hakulia. "Simama, wifi. Leo mpaka kwenye sanduku la barua."

"Niache, nimechoka."

"Sikuachi."

Tulikwenda, mimi na mtungi wangu wa hewa, kama bibi na mjukuu wake. Hatua chache, napumzika, hatua chache. Siku niliyoligusa lile sanduku alipiga vigelegele mpaka majirani Wazungu wakatoka kuangalia kuna nini.

Niliporudi nyumbani, kitindamimba aliniogopa. Nilikuwa nimekonda, kichwa kina mabaka. Alikaa mbali siku nzima. Jioni akaja akanigusa shingoni, pale penye kovu dogo la sindano, akauliza, "Does it hurt?" Nikamwambia hapana. Akalala kwenye mapaja yangu.

Sasa nashona nyumbani. Napanda ngazi nikipumzika katikati. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, wifi yangu, na yule mkalimani ambaye sitajua jina lake. Nawashukuru wale waliozima mashine.

Na nyinyi mnaokwenda kazini kesho, sikilizeni. Homa usiifiche kwa vidonge. Pumzi ikipungua usingoje ndugu wakubaliane, piga simu. Ukiambiwa kazi yako ni ya lazima, uliza ni ya lazima kwa nani. Usiulize peke yako, shika mkono wa jirani yako muulize pamoja.

Mwenzangu Mama Sifa tulimzoea kwa jina la mtoto wake. Wakubwa wa kiwanda hawakumtangaza kabisa, walimkalisha mtu kwenye kiti chake wakaendelea. Aliitwa Noella. Naomba tusimame, na mimi mnisaidie kusimama, tulitaje jina lake.